Mti wa porini umeanza kunyauka: tafuta chanzo kabla ya kutafuta dawa

Mti uliochimbwa porini ili ulelewe kuwa bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni wenye umbo la mti mkubwa, haufi ghafla. Hufa polepole, na kwa muda mrefu unaweza kuwa unakufa huku unapendeza machoni. Ndiyo maana wengi hukosea dawa. Akiona jani limelegea, mtu anaongeza maji. Akiona njano, anatia mbolea. Usipochipua kwa mwezi, anaung'oa aone kulikoni huko chini, na hapo ndipo anapoumaliza. Karibu kila dalili utakayoiona juu ilianzia kwenye mizizi, na mara nyingi ilianza siku ileile ya kuchimba.

Nimeandika kwa kufuata dalili, nikiwa na miti ya kwetu akilini: mugumo na jamaa zake, mzeituni mwitu, mkwaju, migunga, mtarakwa, waridi la jangwani, na vichaka vya uzio kama kaiyaba na bogenvilia. Anza na sehemu ya vipimo hata kama unaona dalili yako iko wazi kabisa.

Vipimo vitatu vya kwanza

Kwaruza gome. Tumia ncha ya kisu kikali, kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Anzia kwenye ncha ya tawi, ushuke kuelekea shina. Ukikuta kijani chenye unyevu, hapo pako hai. Kwenye shina nene la mzeituni au bogenvilia kuukuu, ngozi iliyo chini ya gome inaweza kuwa ya rangi ya maziwa iliyopauka badala ya kijani, lakini ikiwa na unyevu na inang'aa, nayo ni hai. Kahawia kavu ni mbao iliyokufa. Kahawia yenye majimaji, tena yenye harufu, ni kuoza. Weka alama ya chaki pale uhai unapoanzia, kisha pima tena baada ya wiki mbili. Alama ikibaki palepale, mti umejikata wenyewe na kutulia. Mstari ukiwa unashuka, tatizo bado linaendelea.

Tikisa shina taratibu kwa vidole viwili. Shina na udongo visogee pamoja kama kitu kimoja. Shina likicheza peke yake ndani ya sanduku la mbao ulilopandia mti, una chanzo cha matatizo hata kama hujaona dalili nyingine.

Cha tatu, chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke hadi chini kabisa ya sanduku, kiache dakika kumi, kisha kitoe na ukinuse. Juu kunaweza kuwa kukavu kabisa huku chini pakiwa bwawa. Kijiti kikitoka na harufu ya mtaro, mizizi haipati hewa.

Hakuna kipimo cha nne cha kung'oa mti na kuuangalia. Ncha mpya za mizizi ni nyeupe, nyororo, na hukatika kwa kuguswa tu. Ukiung'oa, umeurudisha siku ya kwanza, safari hii ukiwa na akiba pungufu.

Ulichipua vizuri, kisha ukanyauka wote

Hii ndiyo dalili inayowavunja watu moyo kuliko zote, na ndiyo inayostahili kueleweka vizuri. Wiki tatu baada ya kuchimbwa, shina lililokuwa tupu linajaa machipukizi. Mwenye mti anafurahi, anautoa kivulini, pengine anaanza kuchagua matawi. Wiki ya saba au ya nane majani yote yanalegea kwa pamoja, na hayarudi.

Kilichotokea ni hiki. Mti huhifadhi wanga ndani ya shina na kwenye mizizi minene. Shina lenye unene wa mkono wa mtu lina akiba ya kutosha kutoa majani bila kuwa na mzizi mpya hata mmoja. Majani ya kwanza, basi, hayathibitishi kwamba mti umeshika. Yanathibitisha tu kwamba haujamaliza akiba. Yakiwa machanga hupoteza maji kidogo. Yakishakomaa na kupanuka, kila jani linadai maji kutoka chini, na kama chini hakuna mizizi ya kuyanyonya, mti unajikausha wenyewe. Bogenvilia ndiyo hodari wa kuchipua hivi: kipande chake kilichokatwa kikatupwa pembeni huweza kuchanua majani kwa wiki kadhaa.

Tofautisha kulegea kwa namna mbili. Majani yanayolegea saa saba mchana na kusimama tena jioni yana mizizi, ila haitoshi kwa jua unaloupa mti. Rudisha kivuli, subiri. Majani yanayoamka yamelegea, alfajiri, kabla jua halijapanda, hayana kitu chini. Mti huo unahitaji msaada wa haraka. Tengeneza hema la nailoni angavu juu ya fremu ya fito, liguse ardhi pande zote, liwe kivulini kabisa. Ukiliacha juani litapika mti kwa saa moja. Nyunyizia ukungu wa maji mara kadhaa kwa siku, lakini udongo uumwagilie pale tu kijiti kinapotoka kimeanza kukauka. Usitie mbolea ya aina yoyote: chumvi zake huyavuta maji kutoka kwenye mizizi iliyo dhaifu badala ya kuyaingiza. Usikate kitu cha kijani. Machipukizi ndiyo yanayotuma chini kichocheo cha kuotesha mizizi, kwa hiyo anayepogoa ili "kupunguza mzigo" anakata na ujumbe wenyewe.

Majani yakikauka na kubaki yameng'ang'ania tawini, huo ni mkauko wa ghafla. Kwaruza utafute mpaka wa uhai. Yakidondoka yenyewe kwa kuguswa, mti bado una nguvu ya kuyaachia, na kuna tumaini la kuchipua tena.

Mtu atauliza: nitajuaje basi kwamba mti umeshika? Angalia wimbi la pili. Machipukizi ya kwanza hufika urefu fulani yakasimama. Yanakaa kimya kwa wiki, wakati mwingine kwa miezi. Kisha ncha zinaamka tena, majani mapya yanakuwa makubwa kuliko ya mwanzo, na nafasi kati ya jani na jani inarefuka. Wimbi hilo la pili haliwezi kutoka bila mizizi. Ukichungulia kwenye matundu ya chini ya sanduku siku hizo, unaweza kuona ncha nyeupe zikigusa wavu.

Na kama shina linacheza, lifunge leo. Kila upepo unaposukuma shina, ncha changa zinakatika chini kwa chini, na mti unaanza upya kila siku bila wewe kujua. Pitisha waya au kamba ya katani juu ya mizizi minene hadi kwenye mbao za sanduku, weka kipande cha mpira wa tairi mahali waya unapogusa gome, kaza hadi ukiinua shina, sanduku lote liinuke nalo.

Haujachipua kabisa

Hapa aina ya mti ndiyo inayotoa jibu, kwa sababu kila mmoja una saa yake.

Mugumo na mitini mingine ni wepesi. Huko Buganda nchini Uganda, mutuba, jamaa ya mugumo, hupandwa kwa fito tupu zilizochomekwa ardhini, na gome lake hubanduliwa kutengenezwa kitambaa, kisha shina hufungwa majani ya mgomba na kuota gome jipya. Ni ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005. Mti wenye uwezo huo ukikaa miezi miwili ya joto bila chipukizi, kuna jambo. Choma gome kwa sindano, kwanza juu kisha chini. Utomvu mweupe ukitoka haraka, subiri. Usipotoka, shuka hadi unapotoka. Huko ndiko mti ulikobaki.

Mzeituni mwitu, ambao Wakikuyu wanauita mutamaiyo, ni wa subira. Nguvu yake iko kwenye uvimbe wa chini, pale shina linapokutana na mizizi. Ukiwa umechimbwa na uvimbe huo mzima, unaweza kuchipua hata kama mizizi iliyobaki ni michache ya kusikitisha. Lakini unaweza pia kukaa msimu mzima bila kuonyesha kitu. Maadamu ukikwaruza unakuta unyevu, acha msimu wa mvua upite wote kabla ya kukata tamaa.

Mkwaju na waridi la jangwani wanataka joto. Mkwaju uliochimbwa Kitui ukapelekwa Limuru, au uliotolewa Dodoma ukapandishwa Lushoto, hautafanya lolote baridi ya Juni hadi Agosti ikiwepo, na si ugonjwa. Hatari yake ni maji: mti uliolala haunywi, na ukiendelea kuumwagilia kama ulio macho unauozesha. Weka sanduku mahali penye joto, juu ya bati au karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, huku shina lenyewe likiwa na kivuli.

Migunga ndiyo migumu kuliko yote kwa maoni yangu. Mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja kutafuta maji, na mizizi midogo ya karibu na shina ni haba. Mgunga uliokatwa mzizi mkuu kwa siku moja, bila maandalizi, usipochipua ndani ya msimu wa mvua huwa umekwisha. Nitarudi kwenye maandalizi hayo mwishoni.

Halafu kuna mtarakwa, ambao kanuni yake ni kinyume cha wengine. Mugumo unaweza kukatwa majani yote ukarudi. Mtarakwa hauchipui kutoka kwenye mbao tupu: tawi lililonyolewa kijani chote limekufa. Na unadanganya kwa namna yake, kwa kuwa unaweza kukaa kijani kwa miezi baada ya mizizi kufa, kisha ukageuka kahawia wote kwa wiki mbili. Zishike ncha za majani yake. Zikiwa nyororo na zenye rangi ya kung'aa kuliko za nyuma, unakua. Zikiwa zimefifia kuelekea rangi ya majivu na zinachoma mkononi, usitegemee kijani chake.

Kama aina zote zinakufia kwa namna hii, chunguza safari badala ya mti. Vinyweleo vya mizizi, vile vinavyonyonya maji hasa, hukauka ndani ya dakika chache vikipigwa na upepo. Saa mbili nyuma ya pikapu bila kufunikwa zinatosha kuua kazi ya siku nzima. Mizizi ifungwe gunia lililoloweshwa palepale shimoni, kisha nailoni juu ya gunia, kisha kivuli.

Upande mmoja umekauka, mwingine mzima

Mwitikio wa kwanza huwa ni kutafuta ugonjwa wa kuvu. Kabla ya hapo, kumbuka ulikatia wapi. Kwenye mzeituni na migunga, na kwa kiasi fulani kaiyaba, mzizi fulani hulisha mstari fulani wa shina na matawi yaliyo juu ya mstari huo. Ukikata mzizi mkubwa wa upande wa mashariki na usibakishe mdogo jirani yake, ukanda wa mashariki utakauka kuanzia chini hadi juu. Mugumo hauna tabia hii sana. Mizizi yake huungana na kugawana.

Kwaruza kuzunguka shina, si kwenda juu tu. Ukikuta ukanda mkavu wenye mipaka iliyonyooka na ukanda hai pembeni yake umevimba kidogo, tatizo limekwisha zamani na mti umeshaamua. Usizibe, usipake dawa ya kuvu. Mbao hiyo kavu, ikisafishwa baadaye na kulindwa dhidi ya mchwa, ndiyo itakayoupa mti umri machoni pa mtazamaji. Mipaka ikiwa ya kukatakata, gome limedidimia na chini yake pana weusi wenye majimaji, huo ni uozo unaotembea. Kata hadi ufike kwenye mbao safi, futa kisu kwa spiriti kila unapokata, na uache jeraha lipigwe na hewa.

Majani ya njano

Usiseme "njano" tu. Angalia ni majani yapi na ni njano ya namna gani.

Majani machanga ya juu yamepauka huku mishipa yake imebaki kijani: mti unakosa madini ya chuma, na mara nyingi si kwamba hayapo, bali maji unayotumia yameyafunga. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania ni magumu. Tazama ukingo wa sanduku na shina mahali maji yanapofika. Ukiona ganda jeupe, umepata jibu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, na kila mwezi mwagilia kwa wingi hadi maji yapite chini kwa muda mrefu, yaoshe chumvi iliyojikusanya. Ukipuliza madini bila kubadilisha maji, majani yatarudi kijani kwa muda kisha yatapauka tena.

Majani makuukuu ya chini yanageuka njano kwanza na kudondoka, ya juu yako sawa: mti una njaa ya naitrojeni, au unajiandaa kubadilisha majani. Kwa mti ambao haujatoa wimbi la pili, usifanye lolote. Kwa uliokwisha kushika, mbolea hafifu, nusu ya kipimo, inatosha.

Kingo za majani zimeungua, katikati kijani: chumvi au upepo mkavu. Pwani, upepo wa bahari peke yake unatosha kufanya hivi.

Majani yote yamepauka kwa pamoja na kudondoka yakiwa bado laini: mizizi imekosa hewa. Hapa kijiti cha mshikaki kitakuwa kimeshakuambia. Kisababishi cha kawaida ni udongo. Watu huuleta mti na udongo wake wa mbuga, ule mweusi unaonata, wakaujaza kwenye sanduku. Porini udongo huo una nyufa, minyoo na kina cha mita kadhaa. Ndani ya sanduku la sentimita 20 unakuwa tofali. Mti mpya unahitaji kitu chenye vitundu. Mawe mepesi ya volkano, yale yanayopatikana maeneo ya Naivasha na Longonot, ndiyo bora. Yachekeche ubaki na punje za milimita 3 hadi 8, na vumbi lote utupe, maana vumbi hilo ndilo huziba. Usipoyapata, tofali la kuchoma lililopondwa na kuchekechwa, likichanganywa na mkaa wa punje zilezile, linafanya kazi vizuri. Mchanga wa ujenzi hapana.

Kama mti umeshazama kwenye udongo mbaya, usiuhamishe ukiwa mgonjwa. Toboa matundu zaidi chini na pembeni ya sanduku, liinamishe upande mmoja kwa jiwe ili maji yatoke haraka, ondoa udongo wa juu sentimita chache na uweke punje. Uhamisho ungoje nguvu.

Shina limekuwa laini

Hili ni la waridi la jangwani na miti mingine yenye shina nono linalohifadhi maji. Bonyeza kwa kidole gumba. Shina lililosinyaa lakini bado gumu ndani lina kiu tu, au limelala. Shina linaloingia ndani kama embe lililoiva kupita kiasi, na lenye harufu ya kuchacha, linaoza.

Chanzo karibu kila mara ni kimoja: lilipandwa jeraha likiwa bichi, kisha likamwagiliwa. Miti hii haitaki gunia lililoloweshwa wala hema la nailoni. Ushauri wote nilioutoa juu kwa mugumo na mzeituni ni sumu kwake. Ng'oa, na huu ndio mti pekee ninaokuambia uung'oe. Kata sehemu yote laini hadi ukutane na nyama nyeupe au ya rangi ya krimu isiyo na doa, doa dogo la kahawia likibaki litaendelea. Pakaa unga wa mkaa au salfa, uning'inize kivulini penye upepo hadi jeraha likauke na kuwa gumu, kati ya wiki moja na mbili. Kisha upande kwenye punje kavu, na maji ya kwanza yangoje siku kadhaa.

Vaa glavu. Utomvu wake ni sumu halisi ya moyo; Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huupika kupaka mishale. Usifute jicho, usiache vipande vilivyokatwa mahali mtoto au mbuzi anapopita.

Kuna vinundu kwenye mizizi

Ukibadilisha sanduku ukakuta vinundu kwenye mizizi ya mgunga, tulia kwanza. Migunga huishi na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani, na makazi yao ni vinundu vilivyoshikamana ubavuni mwa mzizi. Ukivisugua kwa kidole vinabanduka, na kimoja ukikipasua, ndani kina rangi ya waridi kuelekea nyekundu. Hivyo ni mali, vihifadhi. Minyoo fundo hufanya tofauti: mzizi wenyewe umevimba kama shanga zilizotungwa, uvimbe haubanduki bila kuvunja mzizi, na ndani hauna rangi hiyo. Kata mizizi iliyoathirika, choma, na usitumie tena punje zile bila kuzianika jua kali kwa muda mrefu zikiwa zimefunikwa nailoni.

Mkwaju, ingawa ni wa jamii ya kunde, hautengenezi vinundu vya naitrojeni. Kwa hiyo ukiona vinundu kwenye mkwaju, usijifariji.

Utando mweupe kama nyuzi za pamba kwenye mizizi wenye harufu ya udongo wa mvua ya kwanza mara nyingi ni kuvu wasiodhuru. Kuvu rafiki hasa wa miti hii hawaonekani kwa macho, na kwa ajili yao nashauri ubakize konzi chache za udongo wa asili karibu na shina badala ya kuosha mizizi yote. Weupe wa ungaunga unaoacha alama ya nta kidoleni ni wadudu.

Wadudu

Kifupi, kwa sababu mti wenye mizizi hujitetea. Wadudu gamba na vidung'ata huondolewa kwa mswaki na maji ya sabuni. Utitiri mwekundu hupenda mti uliofungiwa hewa kavu. Uoshe chini ya majani. Matundu yenye unga wa mbao mpya chini yake ni bungua, na hao wanahitaji hatua ya haraka: pitisha waya mwembamba ndani ya tundu, kisha ziba. Mchwa hula mbao iliyokufa, wakishaingia huharibu kazi yote ya ukanda mkavu, kwa hiyo sanduku likae juu ya matofali au meza, kamwe lisiguse ardhi.

Msandali unakufa kila ukijaribu

Na utaendelea kufa. Msandali hunyonya sehemu ya chakula chake kwenye mizizi ya miti jirani. Ukiutenga ndani ya chungu umeutoa kwa mwenyeji wake. Zaidi ya hayo, Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 msandali wa nchi zetu uko kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Uache ulipo.

Ulipona mwaka mzima, kisha ukafa

Uliza ulifanya nini miezi miwili kabla. Jibu huwa moja kati ya haya: ulitolewa kwenye sanduku ukaingizwa kwenye sinia, yaani chungu kifupi cha bonsai, ulipogolewa sana, ulifungwa waya wa kupinda matawi, au vyote hivyo wikendi moja. Mti wa porini unaweza kuhimili pigo moja kubwa kwa msimu. Kuchimbwa ni pigo. Kupogolewa kwa kupewa umbo ni pigo. Kukatwa mizizi ili uingie chunguni ni pigo jingine, na kila pigo lisubiri lililotangulia lipone. Kwa mzeituni na mgunga, miaka miwili ya kuachwa ukue ovyo ndani ya sanduku la kwanza si mingi. Mugumo unaweza kwenda haraka zaidi, hasa pwani. Matawi marefu yanayokukera macho ndiyo yanayonenepesha mizizi, yaache.

Kabla ya kuchimba mwingine

Ukikuta miti yako mitatu imekufa kwa dalili tofauti, chanzo kiko kwenye uchimbaji. Chimba mwishoni mwa kiangazi, vichipukizi vinapoanza kuvimba, mvua za masika au vuli zikiwa mlangoni. Anayechimba katikati ya kiangazi kikali anachimba mti usio na maji. Anayechimba mvua ikiwa imekolea anakata mizizi ambayo mti umetoka kuigharamia.

Kwa mgunga, mkwaju na mti wowote wenye mzizi mkuu, chimba kwa awamu mbili. Msimu wa kwanza, chimba mtaro wa nusu duara kuzunguka shina, kata mizizi ya upande huo kwa msumeno safi, jaza mtaro kwa punje za volkano, ufukie. Mizizi midogo itaota ndani ya punje hizo. Msimu unaofuata fanya upande wa pili, na ndipo ukate mzizi mkuu chini kabisa. Hii inawezekana tu kwenye ardhi ya mtu unayemfahamu na atakayekuruhusu kurudi, na hilo peke yake linakuelekeza pa kutafuta.

Miti mizuri kuliko yote haipo ndani ya misitu ya hifadhi. Iko malishoni, mahali mbuzi wamekata ncha za mzeituni na mgunga miaka nenda rudi hadi shina likanenepa likiwa fupi. Iko kwenye uzio wa kaiyaba uliokatwakatwa tangu enzi za babu, ambao sasa unang'olewa kupisha ukuta wa mawe. Iko kwenye kiwanja ambacho tingatinga litapita wiki ijayo. Piga hodi, msalimu mzee mwenye shamba, mweleze unataka nini na kwa nini, na umwonyeshe mti wenyewe kabla ya kugusa jembe. Katika misitu ya serikali, ruhusa inatoka kwa mamlaka ya misitu, KFS kwa Kenya na TFS kwa Tanzania, na mbugani usiguse hata mche. Hata mti wa shamba la mtu, ulizia ofisi ya misitu ya eneo lako kama unahitaji kibali cha kusafirisha, na ukiwa na barua ya mwenye shamba mkononi. Kuvusha mti mpakani ni jambo la cheti cha afya ya mimea, linashughulikiwa na KEPHIS upande wa Kenya na TPHPA upande wa Tanzania, na udongo wa shamba hauvuki nao.

Ukishautoa, fukia shimo siku hiyohiyo. Ng'ombe huvunjika miguu humo, na mwenye shamba hatakufungulia tena.